Wanakimaliza usiku mmoja, asubuhi wanadai cha tatu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tukuyu, nina miaka 38 na watoto wawili. Usiku, nyumba ikishatulia, ninaandika hadithi. Nilianzia kwenye madaftari ya wanafunzi yaliyobaki kurasa, siku hizi nina kompyuta mpakato ya mtumba niliyoinunua Mwanjelwa.

Miaka mitatu iliyopita nilitoa kitabu cha kwanza. Ni hadithi ya familia moja ya huku kwetu Rungwe iliyogombana kwa ajili ya shamba la chai. Kaka mkubwa aliondoka nyumbani akiwa kijana, akaenda kutafuta dhahabu Chunya, hakurudi. Baba akafa, shamba likabaki na ugomvi. Kitabu kinaishia pale dada mtu anapofungua sanduku la marehemu na kukuta barua ya kaka yake. Mwaka jana mwezi wa kumi nikatoa cha pili. Hicho kinaishia Daraja la Mungu kule Kiwira, dada anakutana na mwanaume mwenye kovu mkononi. Hapo nikaandika "Itaendelea", nikafunga.

Shangazi, sikujua kwamba neno hilo moja litaninyima usingizi.

Ninauza mwenyewe, kupitia grupu la WhatsApp. Mtu analipa kwa simu, mimi napeleka kifurushi stendi. Mzigo wa kwanza wa kitabu cha pili uliondoka Ijumaa mchana. Jumamosi saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri simu ikalia. Ni dada mmoja muuguzi wa Mbeya mjini, alikuwa zamu ya usiku. "Dada, nimemaliza. Nimelia mpaka mgonjwa kaniuliza kama nimefiwa. Cha tatu lini?" Nilikaa kitandani, nje mvua yetu inanyesha, nikawaza: kitabu nilichokiandika miezi 14 kimeisha kwa zamu moja. Nilifurahi, nisikudanganye. Lakini hadi Jumatatu walikuwa wameshauliza watu 19, na furaha ikaanza kugeuka kitu kingine.

Desemba mmoja kwenye grupu akasema, "Tumtangulizie Mwalimu hela ili aandike kwa moyo." Wakaitikia. Nikapokea 5,000 kila mtu, watu 63, jumla 315,000. Kwa mdomo wangu mwenyewe nikawaambia watakichukua Nanenane, viwanja vya John Mwakangale, nitakuwa pale na meza yangu. Hela ile ilikwenda kwenye mahitaji ya mwanangu aliyeanza kidato cha kwanza bweni: godoro, sanduku, sare. Haipo.

Sasa ni Mei. Nina sura tisa kati ya 20. Nikipata umeme na nguvu naandika maneno kama 400 kwa usiku, na kwa wiki ni usiku nne tu. Na katika hizo tisa, nne ninazichukia. Ni zile ambazo kaka amerudi nyumbani. Kila nikimpa maneno hayatoki. Anakaa jikoni kwa dada yake, anakunywa chai, anatazama moto. Nilimsubiri mtu huyu vitabu viwili, na sasa amekuja hana la kusema.

Halafu mwezi uliopita yule muuguzi akaandika kwenye grupu: "Dada, kovu limehama. Kitabu cha kwanza ukurasa wa 31, mama anasema kaka alijikata na panga mkono wa kushoto akichonga mpini wa jembe. Darajani kovu liko mkono wa kulia." Nikaenda kutazama. Kweli. Grupu likawaka. Mmoja akasema ndiyo matatizo ya kuandika haraka haraka. Mwingine akamjibu, haraka ipi, mbona cha tatu hatukioni? Wa tatu akaandika neno moja tu: tapeli. Lilikaa pale siku nzima. Mimi nafundisha watoto wao, Shangazi.

Shemeji yangu ana duka la kuchapa na kutoa kopi. Kanishauri sura zilizobaki niipe programu ya akili mnemba iziandike, wiki moja kazi imekwisha. Nilijaribu sura moja. Bibi yangu wa kwenye hadithi, ambaye nimemwandika kwa kumsikiliza bibi yangu mzaa mama, akaanza kuzungumza kama tangazo la benki. Nikaifuta.

Nifanyeje? Nimalizie vyovyote ilimradi Nanenane inikute nimesimama? Niache kabisa? Au nina haki ya kuwaambia hawa watu wasome polepole? Chini ya kitanda nina nakala 80 za kitabu cha pili na hata kuziangalia sitaki.

Ndaga fijo,
Mwalimu, Tukuyu


Marahaba mwanangu. Kamwene kutoka Iringa.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimeona umefunga mizigo miwili kwa kamba moja. Kuna deni na kuna haraka. Ukiwa umevibeba pamoja huwezi hata kujua ni kipi kinachokuumiza bega. Tuvitenganishe, tuanze na deni kwa sababu ndilo fupi.

Hela za watu 63 ni deni, na mwenye nazo akizitaka arudishiwe, hata kama wewe ulizitumia kwa jambo jema. Godoro la mtoto ni jambo jema. Lakini yule aliyetanguliza 5,000 zake hakuchangia godoro, alinunua kitabu. Hujui na yeye alikuwa ameziwekea nini kabla ya kukupa. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kuandika sentensi nyingine ya hadithi, waandikie. Usisubiri Julai. Anayetoa taarifa Mei ni mtu aliyekwama, ila ukikaa kimya mpaka tarehe nane ya mwezi wa nane ukaonekana huna kitu mezani, yule wa neno moja atapata wenzake.

Na hela ya kurudisha unayo, umeilalia. Hukunitajia bei ya kitabu, lakini tuseme unauza 12,000. Nakala 27 ni 324,000, deni lote limekwisha na chenji ya kupeleka vifurushi imebaki. Hizo 80 zitoe chini ya kitanda. Nenda nazo Nanenane vilevile ulivyoahidi, weka meza yako. Aliyekuja kuchukua cha tatu akukute upo, mtazamane, achague kurudishiwa hela yake au kukuachia mpaka kitoke. Nadhani wengi watakuachia, lakini wachague wao.

Sasa haraka. Hapa nitakaa kidogo.

Unaniuliza kama una haki ya kuwaambia wasome polepole. Huna, mwanangu, na ungekuwa nayo nisingekushauri uitumie. Nikupe mfano wangu. Nilisoma bweni huku huku nyanda za juu, miaka ambayo kitabu kizuri cha hadithi kilikuwa kimoja kwa bweni zima. Tulikuwa na foleni. Ukipewa zamu yako, anayekufuata anakuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda chako, miguu ndani ya blanketi lako kwa sababu ya baridi, anatazama unavyogeuza kurasa. Hakusemeshi. Anahesabu tu. Nilijifunza kusoma haraka kwa sababu ya miguu ya baridi ya mwenzangu. Kuna kitabu kimoja kilinifikia kikiwa hakina karatasi za mwisho, zimechanika kwa kupita mikono mingi. Nilikimaliza saa sita usiku mbele ya mahali palipochanika. Kwa miaka mingi, nikiwa shambani au njiani kwenda sokoni, nilikuwa nawatungia wale watu mwisho, mmoja baada ya mwingine. Sikumbuki hata mmoja wa kuridhisha. Lakini hadithi ile ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote nilizomaliza.

Msomaji wako wa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri ni mtu wa namna hiyo. Hakukiparamia kitabu chako. Mtu aliyekiparamia asingejua ukurasa wa 31 una nini. Yule dada alikimaliza usiku mmoja, kisha akarudi mwanzo wa kitabu cha kwanza akaanza upya, safari hii polepole, akiweka mkono wa kushoto wa huku sambamba na mkono wa kulia wa kule. Umepata msomaji ambaye waandishi wengi hufa hawajampata, na wewe unamwogopa.

Ila ninaelewa hesabu inavyokuumiza, kwa hiyo tuifanye, tuione kwa macho. Watafiti waliopima wasomaji wa Kiingereza wanasema mtu mzima wa kawaida husoma kimya kati ya maneno 200 na 300 kwa dakika. Kwetu maneno ni machache kwa kuwa ni marefu. "Hawatanisubiri" ni neno moja, Kiingereza kingetumia sita. Tuseme basi msomaji mwepesi wa Kiswahili anakwenda na 160, na kitabu chako kina maneno 48,000. Ni dakika 300, saa tano. Zamu ya usiku inatosha na muda wa kuwageuza wagonjwa unabaki. Wewe kwa maneno 400 na usiku nne kwa wiki unapata 1,600. Maneno 48,000 yatakuchukua wiki 30, na hiyo ni rasimu ya kwanza tu, kabla hujafuta, hujarudia, hujaumwa malaria, hujasahihisha mitihani. Saa tano kwa wiki 30. Hakuna siku mambo haya mawili yatalingana, hata ukiacha kulala. Mama anayepika siku nzima kwa ajili ya sherehe hakasiriki kwamba sahani zimeisha kwa dakika 20. Angekasirika zingerudi zimejaa.

Na usidhani umeanza wewe. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar ndiye aliyetuletea Bwana Msa, mpelelezi wa kiko na kufikiri. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1960. Cha pili, 1968. Miaka minane! Kisha 1973, 1974, na kuendelea hadi 1984. Wasomaji hawakumkimbia. Lakini tazama alivyovijenga: kila kitabu kina kesi yake, inaanza humo na inaisha humo. Msomaji akifunga jalada anabaki na hamu ya kukutana tena na Bwana Msa, habaki amening'inia. Wewe ulichagua njia nzito zaidi. Ulimwacha dada mtu amesimama darajani, maji ya Kiwira yanapita chini yake, ukaandika "Itaendelea". Una haki ya kuandika hivyo, na inaonekana uliandika vizuri, lakini ukimning'iniza mtu usishangae akipiga kelele. Kwa kitabu cha tatu nakuomba ufumbue fumbo moja kubwa kabisa, liishe humo humo, hata kama mfululizo unaendelea. Wape mahali pa kukanyaga.

Kuna mwandishi wa Marekani, George R. R. Martin, ambaye mfululizo wake ulikwenda vizuri mwanzoni: kitabu cha kwanza 1996, cha pili 1998, cha tatu 2000. Cha nne kikachukua miaka mitano, cha tano miaka sita, kikatoka 2011. Cha sita bado watu wanakingoja, na filamu ya televisheni iliyotokana na vitabu hivyo ilimpita njiani ikafika mwisho 2019. Mwanzoni mwa 2016 aliwaandikia wasomaji wake kwamba tarehe ya mchapishaji imempita, wakamwongezea, na hiyo nayo ikampita, na kwamba hatajiwekea nyingine ya kumkwaza. Huyo ni mtu mwenye mchapishaji mkubwa na hana daftari la mahudhurio la darasa la nne. Kwa hiyo, ukiwaandikia watu wako, usiwape tarehe mpya. Najua kidole kitakuwasha kuandika "Desemba". Usiandike. Tarehe itaje siku ambayo muswada umeshamaliza kusomwa na mtu mwingine na uko mkononi mwa mchapaji.

Huku kwetu sasa hivi tunatoka kwenye msimu wa ulanzi, pombe ya mwanzi. Nikiwa mdogo nilikuwa namfuata mjomba akienda kugema. Asubuhi anakata ncha ya mwanzi mchanga kipande chembamba sana, anatega chombo, jioni anarudi anakata tena kidogo. Wanywaji wanakuwa wameshakaa kwenye vigoda wanamsubiri. Mwanzi hauna habari nao, unatoa kwa kiasi chake. Na wewe unaijua methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watu huifikiria kama ya majivuno, mgema kavimba kichwa. Mimi nimeona mara nyingi zaidi mgema akitia maji kwa hofu, vigoda vimejaa na kibuyu ni kimoja, anaona aibu kuwarudisha watu. Sura ile iliyoandikwa na programu ya shemeji yako ndiyo maji yenyewe. Ulionja ukatema. Hongera. Shemeji hana nia mbaya, kwake kazi ni kurasa, na kurasa ni biashara yake. Lakini wasomaji wako walimpenda bibi kwa sababu umemsikiliza bibi halisi akizungumza. Muuguzi aliyeona kovu limehama kutoka mkono mmoja hadi mwingine, unadhani hatamsikia bibi aliyebadilika sauti?

Kuhusu kuacha kabisa, siwezi kukukataza. Mtu ana haki ya kuchoka. Mwandishi Arthur Conan Doyle alimchoka mpelelezi wake wa hadithini, Sherlock Holmes, akamuua 1893 kwenye maporomoko ya maji kule Uswisi ili apate nafasi ya kuandika riwaya za historia alizoziona za maana zaidi. Gazeti lililokuwa likichapa hadithi zile likakimbiwa na wasomaji kwa maelfu. Hakutikisika upesi. Ilikuwa 1901 ndipo akaanza kuwapa hadithi iliyotokea kabla ya kifo, na 1903 akamfufua. Nakutajia huyu kwa sababu ya jambo la pili ambalo litakufurahisha. Daktari Watson, rafiki yake Holmes, alipigwa risasi vitani. Katika kitabu cha kwanza, cha 1887, jeraha liko begani. Katika cha pili, cha 1890, liko mguuni. Jeraha limehama, mwanangu! Na zaidi ya miaka 130 wasomaji bado wanabishana lilipitaje, na wanafurahia ubishi huo, na vitabu vinachapwa mpaka leo. Kosa lako ni la ukoo mzuri.

Lakini usilirudie. Nunua kauntabuku moja nene, liwe la mfululizo na si la kitu kingine. Kila mtu wa hadithi apewe kurasa zake mbili. Andika umri wake mwaka gani, anatumia mkono upi, ana kovu wapi, anamwitaje mama yake, siri gani anaijua na aliijua lini. Hili la siri ndilo linalowaangusha waandishi wa mfululizo kuliko makovu: mtu anashangaa sura ya 12 jambo aliloambiwa sura ya tatu. Kila unachoandika weka namba ya kitabu na ukurasa. Robert Jordan, Mmarekani mwingine aliyekuwa na mfululizo mrefu sana, alifariki 2007 kabla ya kuumaliza. Aliacha maelezo mengi, na mkewe, ambaye ndiye alikuwa mhariri wake, akamchagua mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, aliyeumaliza 2013. Sisemi utakufa. Nasema maelezo yale yaliweza kubeba hadithi hata mwenyewe alipokuwa hayupo, basi daftari lako litaweza kuibeba wiki mbili ambazo umeshikwa na usahihishaji.

Na huyo muuguzi mpigie simu. Usimwandikie, mpigie. Mwambie ukweli kwamba alikuumiza pale kwenye grupu na kwamba alikuwa sahihi. Kisha muulize kama yuko tayari kuwa msomaji wa kwanza wa muswada, kabla ya mchapaji, akiwa na kalamu nyekundu. Atausoma usiku mmoja, ndiyo, safari hii spidi yake inakufaa. Mpe nakala bure kitabu kikitoka, na kama ataridhia mtaje kwenye shukrani. Makosa yatakuja kwako faragha badala ya kuja mbele ya grupu zima.

Ujumbe wa kwenye grupu ninakuandikia hapa, ubadilishe upendavyo ila usiurefushe:

"Ndugu zangu, niliwaahidi kitabu cha tatu Nanenane. Hakitakuwa tayari. Kosa ni langu, nilitaja tarehe kabla ya kumaliza kuandika. Watu 63 mlionitangulizia 5,000, orodha ninayo. Anayetaka arudishiwe aniandikie pembeni, nitaanza kurudisha mwisho wa mwezi huu kwa kufuata aliyetangulia kuomba. Anayetaka kusubiri, jina lake linabaki. Nanenane nitakuwepo na vitabu viwili vya kwanza, karibuni. Kuhusu kovu, mmeona vizuri. Tarehe ya kitabu cha tatu nitaitaja kikiwa kimefika kwa mchapaji."

Ukishautuma, zima simu usiku huo. Majibu yatakuwepo asubuhi. Na yule wa "tapeli" usimjibu wala usimwondoe, akiomba hela yake awe wa kwanza kurudishiwa.

Nikirudi kwenye uandishi wenyewe. Umesema usiku nne kwa wiki. Zibaki nne, usizifanye saba kwa ajili ya aibu, una darasa na una watoto. Na ukikaa kuandika usilifungue grupu kwanza. Kwa kweli ningekushauri simu ilale chumba kingine. Huwezi kumsikia bibi akisema na watu 19 wanauliza.

Zimebaki zile sura nne unazozichukia. Nimezifikiria sana, labda kuliko ulivyoniomba. Unasema kaka amerudi baada ya vitabu viwili na kila ukimpa maneno hayatoki. Anakaa jikoni, anakunywa chai, anatazama moto, hana la kusema. Nilijaribu kumwona. Kijana anayechonga mpini hushika panga kwa kulia na mti kwa kushoto, panga likiteleza linakata kushoto, mama yake yuko sahihi kabisa ukurasa wa 31. Halafu miaka inapita, na darajani anatokea mwanaume ambaye kovu lake liko kulia, na dada ana hamu ya kaka kiasi kwamba haangalii mkono.

Utajua wewe, hadithi ni yako, na kama ni kosa la kalamu basi lisahihishe toleo lijalo tuendelee. Lakini kabla hujalisahihisha, kaa naye pale jikoni usiku mmoja bila kuandika, umuulize: wewe ni kaka kweli?